Wale wa Bluu Wametoka Safi

Mama,

Wametoka safi! Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama Baba anakula. (Anakula.)

Siku tulipokuzika umeme ulikatika Ibighi nzima, na baridi yetu unaijua. Samaki wako wa mapambo wakaanza kulala ubavu kwenye matangi. Mama mdogo Tumpe akawakusanya wote, wa bluu na wa njano, akawatia kwenye beseni moja kubwa kando ya moto. "Dada hawezi kuondoka na samaki wake," alisema huku analia. Wengi walipona. Ila kwa majike wa bluu alibaki mmoja tu, tena mzee, na tulipoanua matanga mdomo wake ulikuwa umejaa mayai, kama wanavyoatamia wenyewe.

Vifaranga alivyotema vilipokua vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa; mle beseni alikuwa amepandwa na dume la njano. Nikakusikia ukiwajibu waliokutania kwa kuolewa na Mkinga, mtu wa kabila jingine: "Watu waoane wapendavyo. Samaki, kila ukoo na tangi lake!"

Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya aliwapenda kweli. Akataka tuwape jina, tuseme ni aina mpya kutoka Ziwa Nyasa. Hela nilizihitaji, sikudanganyi. Lakini nilimwambia hawa ni machotara wa beseni, hakuna ziwa linalowajua. Akaondoka amenuna. Nilijivuna, Mama! Nilijiona kama wewe kabisa.

Yule jike, bibi kizee wetu, nikamrudisha tangini kwake na madume wa bluu, nikasubiri. Miezi ikapita bila kitu. Nilishaanza kukata tamaa, nikihofu ukoo uliouanzisha ulipoacha kazi kiwanda cha chai utafia mikononi mwangu. Kisha asubuhi moja akagoma kula, shavu limevimba. Nilipiga vigelegele peke yangu, Baba akadhani tumepata mgeni. Sasa watoto wamepata rangi: bluu, mistari myeusi, hata tone la njano hakuna.

Machotara sikuwamwaga Kiwira, maana mto ule unaishia ziwani. Wako kwa Mama mdogo. Anawaita wajukuu, na ole wako useme wana rangi mbaya.

Nakuahidi, nikiwa hai wa bluu hawatalala tangi moja na wengine. Mteja akiniuliza ni samaki gani, nitamtajia jina lao la ziwani, halafu nitamtajia lako.

Pumzika, Mama. Ndaga fijo, asante sana.

Mwanao,
Atu