Paa Jekundu Kwenye Picha

Kaka,

Barua yako imefika, na ushauri wako nimeusoma mara mbili: nitie sahihi kwenye ile karatasi ya kuhamishwa, tuhame, nisijitafutie balaa. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo wake mzima.

Juzi asubuhi, kabla upepo haujaanza, mtaa mzima tulirusha puto la gesi, kamera ikining'inia chini yake. Kamba aliishika Mama kwa glavu zake za bustani, akakataa kabisa kupokewa. Mara ya kwanza kamera ilimaliza picha zake puto likiwa usawa wa dirisha, tukaambulia nyuso zetu tu, midomo wazi. Tukacheka, tukarudia. Safari hii nyumba zote mia na nne zimetoka, mpaka nguo zilizoanikwa.

Ramani ya ofisi yenu ya ardhi inasema hapa ni pori, hakai mtu. Sahihi iliyo chini yake ni yako. Mama bado hajui.

Jumatatu tunapeleka picha mahakamani. Nakutilia moja humu uitazame vizuri. Lile paa jekundu pale katikati ni la Mama. Rangi ulipaka wewe.

Ni mimi mdogo wako, na sihami.