Mafuta Yalikuwa Bado Yanazunguka

Jumamosi, Pasiansi. Mvua tangu alfajiri. Ziwa limefunikwa, silioni hata kutoka barazani. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Leo kaka yangu Masalu amemkatalia mwanawe kumwoa Neema. Amesema mbele ya ukoo kwamba mjukuu wa mchawi hataingia nyumbani kwake. Kisha akaninyooshea kidole: "Muulizeni dada yangu huyu. Yeye aliona kwa macho yake."

Nikachukua mwavuli wangu, nikaaga.

Neema hakuwepo, nashukuru. Wiki iliyopita alikuja kunisalimu, akapiga magoti kuniamkia, akanioshea na vyombo bila kuombwa. Nilishindwa kumtazama usoni.

Miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kaka alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, akaanza kuuza mafuta ya taa Kirumba. Wateja wake walikuwa wavuvi wa dagaa wenye taa zao za karabai. Gari lilishusha mapipa barabarani, nasi tukayabingirisha kwenye mteremko mrefu hadi uani. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia, nikiishi kwake.

Wapagazi walikuwa na utaratibu wao. Pipa likifika uani linawekewa jiwe, halafu mmoja anatega sikio kwenye chuma. Mpaka mafuta yatulie, jiwe haliguswi. Nilikuwa nikiwatania kwamba wamenizidi ualimu, maana hilohilo nililifundisha kidato cha tatu kwa yai bichi. Unalizungusha mezani, unalisimamisha kwa kidole, unaondoa kidole mara moja, nalo linaanza kuzunguka tena. Ganda lilisimama, ute haukusimama. Mzunguko wa ndani bado una nguvu, na nguvu hiyo lazima iende mahali.

Nilijua. Ndiyo maana silali.

Siku ile wapagazi walikuwa wamerudi barabarani kufuata pipa jingine, na mimi nilikuwa nachelewa kipindi. Pipa nililoteremka nalo likafika uani, nikalizuia kwa jiwe, likatulia. Sikutega sikio. Nililiondoa jiwe palepale, tayari kwa pipa lijalo, nikageuka kuchukua daftari zangu. Kaka alikuwa amechuchumaa mbele ya pipa, ameligeuzia mgongo, anapanga mbao ukutani.

Pipa likaondoka lenyewe. Polepole, bila kelele nyingi. Lilimbana mguu ukutani, mfupa ukavunjika sehemu mbili.

Mlangoni alikuwa amesimama Bibi Kabula, jirani yetu, na chupa yake ya kununulia mafuta. Alikuwa mkaushaji wa samaki, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Watu waliokuja mbio walikuta pipa ambalo hakuna aliyeligusa, na bibi mwenye macho yale analitazama. Ilitosha kumwita mchawi.

Mwenyekiti wa mtaa aliniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, pipa lilipoondoka, jiwe lilikuwepo mbele yake?"

"Lilikuwepo."

Nilimwogopa kaka, ambaye nilikula na kulala kwake. Niliogopa pia kuchekwa kwamba msomi amemvunja nduguye mguu. Bibi Kabula alinitazama tu, hakubishana. Nyumba yake ilipigwa mawe siku tatu mfululizo, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amehamia Misungwi kwa binti yake, mama wa Neema. Miaka baadaye nilisikia amefariki.

Nimefundisha somo la yai hadi nilipostaafu. Kila mwaka wanafunzi walipiga makofi, nami kila mwaka niliyaona macho yale nyuma ya darasa. Hata leo sufuria ikibingirika jikoni, naacha ninachofanya. Nasubiri kusikia mtu akilia.

Jioni hii mvua ilipopungua nilirudi kwa kaka. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, kabla hajanikaribisha kiti. "Jiwe niliondoa mimi. Bibi wa watu hakufanya kitu."

Nilijiandaa kufokewa. Hakufoka. Alisukuma kikombe chake cha chai pembeni, akaniuliza bibi alizikwa wapi.

Sikujua. Karibu miaka thelathini, na sijawahi kuuliza.

Neema anajua. Kesho baada ya misa nitakwenda kumwuliza, lakini kwanza itabidi nimweleze kwa nini nataka kujua.