Mikono ya Karani Muoga

Dada Boke,

Nakusihi, haya yaishie kwako, Baba asijue: niko Homa Bay, naigiza filamu! Mimi ni karani anayegonga muhuri barua ya uongo huku mtu akimnyemelea. Nilikosea mara mbili kwa woga, wakataka kuniondoa. Mpiga picha akafunga madirisha, akabakiza mwanga mwembamba mezani na giza mlangoni nyuma yangu. Kamera ikasogea, ikaonyesha mikono yangu tu. Kwa mazoea ya ofisini kwangu nikaupulizia muhuri pumzi kulainisha wino, ukatetemeka mwangani. Nikagonga.

“Aki karani, hata mimi nimeogopa!” mwongozaji akapiga kelele. “Nani alitaka kumtoa huyu?”

Nimeweza, dada! Nakupenda. Usipige simu nyumbani, Baba atajua. Mpe jibu lako mama anayeleta dagaa wa omena kutoka huku hadi sokoni Kegonga, atanifikishia.

Chacha