Dakika Moja ya Kumkumbuka Bi Zuwena

Aston, Jumapili

Mdogo wangu Asmahan,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha birika letu la umeme, lililotutoka Ijumaa asubuhi. Sisi wengine hatujambo.

Hafla ya jumuiya ya kuwaenzi wanawake wa historia ilifana. Picha ya mama uliyoituma ilitundikwa katikati, ubavuni mwa malkia mmoja. Hotuba yako, uliyokosa nafasi ya kuja kuisoma, aliisoma mwenyekiti Magdalene huku akijifuta machozi. Umeeleza vizuri mama alivyowasomesha wanawake arubaini uani kwetu Pemba, hadi wakaacha kusomewa barua za waume zao na watu baki. Ila katika kurasa tatu hukuandika popote kwamba yuko hai, naishi naye mimi.

Basi Magdalene akasema, "Tusimame dakika moja, tumkumbuke marehemu Bi Zuwena."

Ukumbi mzima ukasimama. Mama naye akasimama, kanishika bega.

"Jokha, nani kafa?"

"Hakuna, mama."

"Basi mbona picha ni yangu?"

Magdalene ameomba radhi mara nne. Wewe usijisumbue. Nyumbani mama aliziomba zile kurasa, akavaa miwani, akazisoma mwenyewe mpaka mwisho. "Kaandika vizuri," akasema. "Anakuja lini?" Ni mwaka wa tatu anauliza.

Dada yako,
Jokha

Nimeulizia stesheni. Kutoka kwako Leicester mpaka hapa, treni inachukua saa moja.