Kisigino cha Jirani

4 Septemba

Kwa Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Bibi hamjambo, na kibanda chako cha viatu hakikosi wateja. Mimi ni mzima, ila mdomo wangu umelala tangu nifike.

Shule ni nzuri. Maktaba ina ghorofa mbili na hakuna anayekufukuza. Sakafu ya bweni ni ya mbao, inang'arishwa kwa nta, kwa hiyo kila mtu huvua viatu na kuviacha kwenye rafu nje ya chumba chake. Chakula tunajipakulia wenyewe. Siku ya kwanza nilisimama na sahani nikingoja kukaribishwa, mpaka mpishi akaniuliza kama nimepotea.

Wenzangu wanadhani nina maringo. Wewe unanijua, Babu. Mtu akiniangalia tu, maneno yote niliyoyasoma vitabuni yananikimbia. Basi natembea nikiangalia chini, na sasa nawatambua watu kwa viatu kuliko kwa sura. Jirani yangu wa chumba cha pili nimempa jina la Kicheko, maana kicheko chake kinapenya ukuta. Ana viatu vya kahawia vya kamba. Hatujawahi kuzungumza.

Mjukuu wako

19 Septemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima, tunakula na kulala. Bibi yako amenuna: anasema ni mke mwenza gani huyu anayemwandikia mume peke yake? Barua ijayo mtaje mapema, nami nipate chai kwa amani.

Kama macho yako yanashinda chini, basi yasikae bure. Nimeshona viatu vya watu wa hapa tangu sijaoa, lakini vya huko sijavishika. Wanashona soli au wanabandika tu? Visigino vinalika upande wa nje kama vyetu? Kiatu kikichoka kinakwenda kwa fundi au jalalani? Muulize mtu. Ukiona haya, anza kwa kutazama, lakini usiishie hapo.

Babu yako

12 Oktoba

Kwa Bibi mpendwa, halafu kwa Babu,

Shikamooni. Mimi sijambo, nimezoea hata baridi ya asubuhi.

Babu, nina mengi! Viatu vingi vya huku vimebandikwa, havina hata uzi mmoja. Visigino vinalika nje, sawasawa na vya kwetu. Vikichoka wanavitupa, nimeona pea nzima jalalani, nikatamani kukutumia. Fundi sijampata.

Sasa sikia. Kile kiatu cha kushoto cha Kicheko kina kisigino kinene kuliko cha kulia. Mtu amepachika vipande vya mpira, kimoja juu ya kingine, kingo zimepinda. Kazi mbovu! Nikawaza, ungekuwepo usingekubali mtu atembee hivyo. Jumamosi wenzangu walipokwenda kuogelea na ndala, kiatu chenyewe kikiwa pale kwenye rafu, nilichukua kile kisu kidogo ulichonipa, nikapunguza mpaka visigino vyote viwili vikawa sawa. Nikasugua kingo, nikakirudisha. Hajui ni nani. Nimemfanyia wema bila hata kufungua mdomo, na kwa mara ya kwanza huku nimejiona nina faida.

Mjukuu wenu

27 Oktoba

Mjukuu,

Salamu zitangoja.

Umeniandikia habari za kiatu. Habari za mguu mbona hukuandika? Huyo binti anatembeaje? Ulimtazama akitembea, au ulitazama kiatu kikiwa rafuni?

Kuna watu mguu wao mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Kisigino kikiongezwa, mwili unakaa sawa. Kikipunguzwa, kiuno na mgongo vinaumia. Hapa mtaani nina wateja wawili wa namna hiyo, na wewe umekua ukiwapita kila siku bila kujua, kwa sababu fundi hatangazi mguu wa mtu. Lakini pia hakati kabla hajamuuliza mwenye kiatu.

Huenda nimekosea. Nenda ukaulize. Na usithubutu kukirekebisha tena kwa siri.

Babu yako

20 Novemba

Mjukuu wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila nyumba haina raha. Posta nimekwenda, nimerudi mikono mitupu. Bibi yako anasema, "Umemtisha mtoto, mzee, sasa kaa na barua zako." Nimemwambia fundi lazima akemewe. Akaniuliza, "Na wewe nani alikukemea ulipoviunguza viatu vya harusi vya kaka yangu?" Nikachukua kalamu.

Andika, hata kama ni mstari mmoja. Hata kama hujaenda kwake.

Babu yako

2 Desemba

Kwa Bibi na Babu,

Shikamooni. Mniwie radhi kwa kimya changu. Kila nilipokaa kuandika niliona sina la kusema mpaka niwe nimekwenda.

Babu, hukukosea. Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshaona. Kicheko alikuwa anapanda ngazi akishika ukuta. Kicheko chake hakikupenya tena. Mlezi wa bweni alituita ukumbini, akauliza nani amekata kiatu cha mwenzetu. Wote tukanyamaza, na mimi nikiwemo.

Ilinichukua muda mrefu kugonga mlango ule. Nilifika, nikarudi, nikafika tena. Alipofungua nilisema kwa haraka, kama mtu anayetapika: "Ni mimi. Nilikata kiatu chako. Babu yangu ni fundi."

Akaniangalia. "Nilidhani kuna mtu amegundua mguu wangu, akaamua kunifanyia dhihaka."

"Sikujua. Nilidhani fundi wako ni mbovu."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya."

"Mguu ndio mfupi," akasema, "masikio yangu ni mazima kabisa!"

Sikujua kama nicheke au nilie. Nikamwambia nitakirudishia kimo chake. Akakikumbatia kiatu. "Hugusi. Kaa hapo uniulize kila kitu unachotaka kujua. Kila kitu. Ukimaliza ndipo nitafikiri."

Nikauliza, Babu. Mwanzoni sauti haikutoka, baadaye ikawa haikatiki. Nilimuuliza kama panauma, kama anaweza kukimbia, kama alizaliwa hivyo. Halafu nikauliza ni nani alipachika vile vipande. Akasema ni baba yake. Ni dereva wa lori, hajafundishwa na mtu. Kila tofauti ya miguu ilipoongezeka, aliongeza kipande. Kiatu kikimbana, vipande vinahamia kiatu kipya. Kile nilichokiita kazi mbovu ni utoto wake wote. Na vile nilivyovikata nilivitupa.

Alikigeuza kiatu, akakitazama kisigino, kisha akanipa.

Nimempandishia kisigino kwa mpira wa zulia la gari. Mara ya kwanza kilizidi, akasema anahisi anapanda mlima. Nikapunguza kidogo kidogo, yeye akisimama, akitembea, akirudi. Sasa hashiki ukuta. Lakini siku ya kufunga shule baba yake anakuja kumchukua. Kicheko amesema niandike maneno yake haya kama yalivyo:

"Babu, mjukuu wako nimemsamehe nusu. Nusu nyingine si yangu, ni ya baba. Nitamketisha mbele yake amwambie mwenyewe. Akikimbia nitamkamata, sasa naweza."

Babu, naogopa kuliko nilivyouogopa ule mlango. Nitaanzia wapi? Vile vipande vilikuwa vigumu hata kisu kikakwama, nikalazimisha, nikijiona shujaa. Baba kama huyo nitamwambia nini?

Mjukuu wenu

10 Desemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako amesoma barua yako mara nyingi kuliko mimi, na ameniamuru nijibu leo leo.

Siku hiyo ikifika, msalimie baba wa watu kwa heshima. Sema kosa lako kwa sentensi moja, usilipambe. Akitaka kukasirika, muache akasirike, ni haki yake. Akinyamaza, usimjazie kimya kwa maneno ya vitabuni.

Kisha muulize alitumia gundi gani.

Simaanishi umbembeleze. Nilikinoa kisu kile mwenyewe, kinapita kwenye soli ya buti, na umesema kilikwama: hiyo ni gundi, si mpira. Gundi yangu haimalizi masika mawili. Ya kwake imeshika tangu binti ni mdogo, imehamishwa kiatu hadi kiatu. Muulize anaichanganya na nini, anaipasha moto au anaipaka baridi, anaibana kwa muda gani. Niandikie majibu yake neno kwa neno, na umwambie anayeuliza ni fundi mwenzake.

Babu yako