Nilikata bango la mume wangu, naye akasema ni yeye aliyekata

Mpendwa Tantine Mukagasana, shangazi yetu wa gazetini, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana nyumbani nimeshindwa kusema na kanisani naona aibu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimekulia Karagwe, huu ni mwaka wa ishirini na mbili nimeolewa hapa Gisenyi na mtu wa Goma, Onésphore, fundi wa kuandika vibao vya maduka, mume mpole, hanywi, hapigi kelele, ila ana ugonjwa mmoja tu, mabango ya matangazo ya zamani, yale ya karatasi yaliyokuwa yakibandikwa madukani, ya sabuni, ya betri za tochi, ya maziwa ya unga, anayatafuta sokoni Mahoko, anavuka mpaka kuyatafuta Goma, anayatengenezea fremu mwenyewe na kuyatundika sebuleni hadi ukuta hauonekani, na mimi miaka yote hiyo nimekuwa nikimtania mbele ya wageni kwamba nimeolewa dukani. Kuna siku jirani alibisha hodi akaomba sabuni vipande viwili, nikacheka hadi machozi, yeye akatabasamu tu.

Sasa mwaka huu nikasema moyoni, huyu mtu amenivumilia, siku ya kukumbuka ndoa yetu nimfurahishe. Kuna bango moja hakuwahi kulitundika, alilitunza sandukuni ndani ya kitenge, la baiskeli, mwanamume wa suti nyeupe anapanda mlima bila hata jasho, lilikuwa dukani kwa marehemu baba yake, na mwaka ule wa volkano kule Goma duka lilipoungua yeye alitoka na hilo tu kwapani. Niliona linaanza kuliwa na unyevu wa ziwa, nikafikiri, diploma tunazivisha plastiki, vyeti vya ubatizo tunavivisha plastiki, kwa nini si hili, nikalipeleka kwenye duka la fotokopi yeye akiwa kazini. Mwenye mashine akasema karatasi ni pana, haiingii, ila hapa kando pamechafuka kwa penseli, nipunguze? Nikamjibu, Tantine, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, punguza, ni uchafu tu.

Nilimpa jioni. Akaliangalia muda mrefu, akasema, "Merci, Mama Manzi, iko muzuri sana," akalitundika juu ya meza ya chakula, nami nikalala na furaha yangu.

Wiki mbili baadaye akaja wifi yangu Liliane, mdogo wake anayeishi Goma. Nilikuwa jikoni namenya viazi, mlango uko wazi, nikamsikia anamuuliza kaka yake, "Yaya, alama zetu iko wapi?" Mume wangu akajibu haraka, "Nilikata mi mwenyewe. Karatasi ilikuwa imeoza." Liliane akauliza tena, "Hata ya Karenzi ulikata?" Naye, "Hata ya Karenzi." Karenzi ni ndugu yao aliyefariki kwa surua akiwa na miaka sita, picha yake haipo hata moja, na ndipo nikaelewa kwamba baba yao alikuwa akiwasimamisha watoto wake kando ya lile bango, anawapima urefu, anaandika majina kwa penseli. Liliane hakungoja chakula. Huu ni mwezi wa pili hajavuka kuja kwetu, na simu ya kaka yake haipokei.

Nilirudi kwenye fotokopi, vipande vilishatupwa zamani. Jirani ananishauri nipitishe pasi ya moto nitoe plastiki. Mume wangu hajui kwamba nilisikia, bado ananiita kwa upole uleule, na tukikaa mezani bango liko juu ya vichwa vyetu. Nikisema, namharibia wema wake. Nikinyamaza, naisha polepole. Nifanye nini?

Mama Manzi, Gisenyi

TANTINE ANAJIBU

Mama Manzi, pole sana. Na hiyo pasi irudishe kabatini sasa hivi, usije ukaunguza hata kilichobaki.

Nitakugombeza kwanza. Plastiki sikulaumu, hapa kwetu sote tungefanya hivyo, mimi cheti changu cha ndoa nimekivisha plastiki hadi saini ya padri haisomeki. Kosa lako lilianza zamani. Miaka ishirini na mbili umelala chumba kimoja na sanduku lenye bango lililofungwa kwenye kitenge, na hukuwahi kumuuliza, "Baba Manzi, hili lina nini?" Ulikuwa unacheka na wageni. Mtu akichekwa kwa kitu anachokipenda, haachi kukipenda, anaacha kukusimulia. Naye ana lake, wala simwachi: angelitaja jina la Karenzi siku moja tu mbele ya karatasi ile, mkasi usingefika pale.

Sasa unaogopa kumharibia wema wake. Hebu tazama alichofanya. Aliulizwa ghafla, hakuwa na muda wa kufikiri, ikabidi mtu mmoja abebe lawama ya alama za Karenzi, akajitaja yeye. Nilipofika hapo kwenye barua yako nililia, bon, basi, nimesema. Lakini zawadi hiyo huwezi kukaa nayo. Ingekuwa unaumia wewe peke yako, labda ningekwambia nyamaza, zoea. Lakini kwa ukimya wako mwanamume huyo amepoteza dada, na dada anaamini kaka yake alimfuta marehemu kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo leo, kabla ya kupakua chakula, mwambie, "Nilisikia." Anza na neno hilo na usianze na machozi, maana nakujua, ukilia yeye ataanza kukubembeleza na mambo yataishia hapo. Usimnunulie bango jingine. Kesho vuka mpaka pale Petite Barrière wewe mwenyewe, si simu, si ujumbe, ukamwambie Liliane kwamba aliyesema "punguza" ni wewe. Atakufokea. Kaa chini ufokewe. Akimaliza, muulize Karenzi alikuwa amefika wapi kwa urefu, atainua mkono akuonyeshe, maana mtu hasahau ndugu yake alikuwa anamfika begani au kifuani. Ukirudi nyumbani, muulize mumeo swali hilohilo, kisha nyamaza umsikilize hadi achoke kusimulia.

Majina yenu nimeyabadilisha yote, lakini nyumba yenye mabango ya sabuni hadi kwenye dari hapa Gisenyi ni moja tu, na Goma pia wananisoma. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumatatu. Gazeti linatoka Ijumaa.