Mkorosho Wangu, Msaipresi wa Wifi

Jumatatu, 1 Septemba

Mti umefika. Msaipresi! Wifi kaununua mwenyewe huko wanakouza miche ya mapambo. Umeletwa na pikapu, wanaume wawili wameushusha na ndoo yake kama wanashusha friji. Unanizidi urefu. Umechongoka kama penseli, kijani kila upande, hata shina hulioni.

Mama mkwe katoka nje kabla hawajazima injini. Simu yake ilikuwa inaita mezani, kaiacha iite. Kasema upandwe mbele ya dirisha lake. Mbele ya dirisha lake! Mimi nilipopanda mkorosho wangu, wiki ya kwanza ya ndoa, niliambiwa nitafute nafasi huko kwenye kona ya ua. Nikatafuta. Miaka kumi na sita sasa. Cherehani yangu iko chini yake, na wateja wanaelekezana kwa "yule fundi wa penye mkorosho." Sijawahi kuona mtu akitoka ndani kuja kuutazama.

Wifi ana miezi mitatu tu tangu arudi nyumbani, baada ya kupata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Chumba cha mbele chake. Kiti cha karibu na mama chake. Sasa na dirisha.

Jumatano, 3 Septemba

Leo wameupiga picha watu watatu. Jirani wa nyuma alikuja kuniletea suruali ya kupunguza, akaiacha juu ya cherehani bila kusema inapunguzwa wapi, akaenda kujipiga picha na mti.

Haya, tuulinganishe basi. Wake haudondoshi majani. Wangu unadondosha, nafagia asubuhi na jioni. Wake hauna siafu. Wangu unao, mwezi uliopita mteja alivua kiatu mbele ya watu. Wake una umbo. Wangu umejilaza upande mmoja kama mtu aliyechoka kusubiri.

Lakini wake unazaa nini? Hakuna. Kivuli? Kuku mmoja na wanawe hawaenei. Mimi watoto wangu wamekula korosho za mti huu tangu wanaota meno, na mama mkwe mwenyewe hutafuna mpaka za mwisho wa bakuli. Halafu leo nimemsikia anamwambia jirani kwamba mti wa binti yake ni mti msafi. Msafi! Nani aliuliza usafi wa mti?

Mume wangu nilimweleza. Akasema mti ni mti. Ndiyo msaada nilioupata.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku mbaya. Bibo, tunda la mkorosho wangu, limeanguka juu ya gauni la mwalimu. Gauni jeupe kama maziwa, nimelishona siku nne, limebaki vifungo tu! Bibo lenyewe limeiva, limepasuka, maji yake yamechuruzika kifuani. Na doa la bibo halijui sabuni.

Mama mkwe alitazama kutoka dirishani, kando ya ule msaipresi. Alitikisa kichwa tu, akarudi ndani. Heri angesema.

Aliyekuja ni wifi. Alikunja mikono ya shati lake la kazini, tukasugua wote mpaka kucha zikaniuma. Doa likabaki pale pale linatutazama. Ndipo akasema, kwa nini nisiweke mfuko pale, wa kitambaa kile kile, na mwingine upande wa pili ufanane? Nikaweka. Gauni limekuwa zuri kuliko mwanzo. Mwalimu kafurahi, kasema nina ubunifu.

Nimesema asante. Lakini moyoni nilikereka. Fundi ni mimi! Miaka yote hii fundi ni mimi, yeye anapokea simu za watu wanaoumwa magego.

Jumanne, 9 Septemba

Bomba la maji machafu limekufa kabisa. Bafuni maji yanarudi juu. Fundi bomba kaja, kavuta kamba kutoka bafuni mpaka barabarani, kaiinamia, kakuna kichwa. Bomba jipya lina njia mbili tu. Kulia ipo mizizi ya mkorosho. Kushoto upo msaipresi. Katikati ni msingi wa nyumba. Mti mmoja uondoke, kasema. Ama ule mkorosho, ama huu mzuri.

Huu mzuri! Nilitamani nimfunge na kamba yake.

Atarudi Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Mama mkwe ndiye mwenye nyumba, yeye ndiye wa kuamua. Kasema atafikiria. Kufikiria nini? Mti wa wiki moja unashindanishwa na mti wa miaka kumi na sita, na bado kuna kufikiria! Mkorosho ukikatwa, cherehani nitaiweka wapi? Jikoni? Wateja watanipata kwa harufu ya vitunguu?

Jumatano, 10 Septemba

Sikushona leo. Nilikaa tu.

Jumapili, 14 Septemba

Wifi na mama yake wamejifungia chumbani tangu baada ya chakula. Nimewasikia wakicheka. Nikachemsha chai, nikaipeleka bila kuitwa, nikafungua mlango — kimya! Mama mkwe akajifanya anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Walikuwa wananisema. Au wanausema mti wangu, ambayo ni mamoja. Wifi kanikaribisha nikae, kanisogezea mto. Sikukaa. Nimetoka na trei yangu, na huku nje nikaona nimesahau kuwaachia vikombe.

Mtu mwenye roho mbaya watu husema ana roho ya korosho. Basi mimi ninayo, na mti wake ninao.

Jumanne, 16 Septemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi wifi akiwa anatoka kwenda kazini kaniambia, wifi, mkono wako umezoea mkasi, nipunguzie huu mti kidogo ubavuni, uwe mwembamba, ila usiniharibie umbo. Sikuuliza kwa nini. Kachekacheka, kaondoka mbio.

Mama mkwe alikuwa kaenda kupimwa presha. Nilichukua mkasi mkubwa wa ua. Nilianza vizuri, kama ninavyoondoa kitambaa kwenye mshono, kidogo kidogo. Kisha nikaona ninavyopendezewa. Nikakata upande wa dirishani. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko, nikakata. Nikakata tena. Ndani kumbe hakuna kijani! Vijiti vya kahawia tu, vikavu, na vumbi, na utando wa buibui. Huo ndio mti msafi.

Tundu limebaki, mtoto wa darasa la kwanza anaingia akajificha.

Nilikusudia. Sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nilitaka mama mkwe afungue dirisha aone kitu kibaya, kwa wiki mbili tatu tu, mpaka aamue. Baadaye uchipue zake. Mwaka juzi mkorosho niliukata tawi zima, na kabla mwezi haujaisha lilikuwa limerudi na majani mekundu.

Wifi alirudi jioni. Alisimama na mkoba begani. Akasema, umepunguza kweli, wifi. Nikasema utachipua. Akanitazama, akasema kama utachipua basi hakuna neno, wewe ndiye mjuzi wa miti.

Mama mkwe yeye kafunga pazia.

Jumatatu, 22 Septemba

Bado. Nimeuchungulia mara tatu, nikijifanya naanika nguo.

Ijumaa, 26 Septemba

Hata chipukizi moja! Nimeumwagia maji ya mchele. Nimeukwaruza kijiti kwa ukucha, ndani kikavu. Mkorosho ungekuwa umeshanitia aibu kwa majani.

Jumapili, 28 Septemba

Nimekwenda kwa muuza miche. Nilimwambia kuna jirani yangu kakata msaipresi mpaka ndani, je, utachukua muda gani kuchipua? Kaniuliza, kakata mpaka kwenye kahawia? Nikasema ndiyo, nadhani, jirani kasema hivyo. Kacheka, kasema mama, huo si mkorosho. Mkorosho ukiukata unakasirika, unaota mara mbili. Msaipresi ukiuachia kijani utachipua, lakini ukishafika kwenye kahawia, upande huo umeaga. Miaka mia utabaki hivyo hivyo.

Kisha kasema, huyo jirani yako ana hasira.

Nimerudi kwa miguu. Sikujua. Kwamba nilikata kwa ubaya, nilijua. Kwamba haurudi, sikujua, naapa.

Jumatano, 1 Oktoba

Nilikuwa nampima mama mkwe blauzi, pini nne mdomoni. Akaanza yeye, taratibu, akitazama ukutani. Fundi bomba anakuja Jumamosi. Atapita kushoto. Mkorosho unabaki.

Moyo uliruka! Nikashukuru zile pini, maana ningepiga kelele.

Akaendelea. Kasema si uamuzi wake. Ni wa wifi yangu. Ile Jumapili walipojifungia, yeye mama alikuwa keshaamua mkorosho ukatwe. Kasema hivyo waziwazi, bila haya, nikimshika kiuno! Binti yake ndiye aliyekataa. Alimwambia, mama, wifi anakula chini ya mti ule, wangu mimi ni pambo. Tena wangu bado mgeni, mizizi haijashika, unang'oleka mzima. Akaenda kumwomba daktari wa meno aupokee kliniki, pale kati ya mlango na dirisha. Pembamba pale. Ndiyo maana aliniomba niupunguze ubavu. Walikuwa wananificha wanishtukize.

Nilimchoma. Kasema, pini, mwanangu! Nikasema samahani, mama. Lilikuwa neno la kwanza kutoka mdomoni mwangu baada ya yote hayo, na lilitoka pamoja na pini.

Nimeshinda. Mkorosho ni wangu, kivuli ni changu. Na badala ya kushukuru, unajua nilichohisi? Wivu. Wivu ule ule, umeongezeka. Chumba kaniwahi, mama kaniwahi, hata wema kaniwahi! Angekuwa mbaya ningejua pa kumshikia. Mtu wa namna hii unamshikia wapi?

Alhamisi, 2 Oktoba

Niliamka nimeamua kusema. Wifi alikuwa barazani anafunga kamba za viatu, simu begani, anaongea na daktari. Nikasubiri amalize. Anamwambia, ndiyo, daktari, upande mmoja umepunguzwa sana, lakini utachipua. Wifi yangu kasema, na yeye anaijua miti. Kazini hana hata miezi minne, na kampa mkubwa wake neno langu kama neno lake!

Akakata simu, akaniuliza, ulikuwa unasema? Nikasema hapana, nilitaka kujua utarudi saa ngapi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimefanya kazi ya mwendawazimu. Wote walipoondoka nilichukua uzi wa kijani, ule mnene wa kushonea viti. Nikavuta matawi ya nyuma, moja moja, nikayaleta mbele, nikayafunga juu ya tundu. Saa tatu nzima. Fundo ndani, uzi usionekane. Ukisimama mbali huoni kitu. Ukisimama karibu unaona mti uliobana pumzi.

Ukiachia uzi, kila tawi litarudi kwake.

Mama mkwe alifungua pazia jioni. Akasema, aa! Basi. Mara ya kwanza kusifu kazi yangu kwenye ua huu, na ni hii.

Wifi yeye alikwenda hadi penyewe. Niliona vidole vyake vikigusa uzi. Nikasema moyoni, haya, yameisha, na heri yaishe. Akageuka, machozi yamemlengalenga. Akasema, kumbe umeufunga usivunjike njiani! Akanikumbatia, na mkoba wake, na sare yake ya kliniki. Nilisimama kama gogo. Mdomo wangu ulikuwa kwenye bega lake, na sikusema.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wamekuja mapema. Naandika haraka, niko chumbani kwenye dirisha, nimesema natafuta kiatu.

Fundi bomba keshaanza kuchimba. Pikapu iko mlangoni. Daktari wa meno kaja mwenyewe, mtu mfupi, mpole, anauzunguka mti taratibu. Kauliza nyuzi za nini. Wifi kamweleza ni za safari. Daktari kasema safari ni dakika kumi tu, na angependa kwanza kuuona mti ulivyo. Fundi bomba naye kaacha jembe, kaja kutazama. Mume wangu kaja. Mama mkwe kaletewa kiti, kakaa mbele kabisa.

Mtu kaleta kisu. Wifi kakataa. Namsikia kutoka hapa, sauti yake imejaa fahari, na fahari yenyewe ni juu yangu. Kasema hapana, msiguse.

Ananiita. "Wifi! Njoo na mkasi wako!" Niende nizikate mimi mwenyewe, anasema, maana yeye anaogopa kuharibu kazi yangu.